Bi Uzito Anahamia Nyuma

Usiku wa kuamkia leo niliota Shangazi amesimama wima katikati ya gereji, na amekataa kushuka.

Shangazi ni gari. Ni pikapu ya rangi ya krimu, imenizidi umri kwa miaka miwili, na tuliipa jina hilo kwa sababu ina kelele na haijui kumung'unya maneno. Mimi ni Yoeza, fundi wa Hedaru. Nimeifungia injini kubwa kuliko ile iliyozaliwa nayo, na Jumamosi moja kila mwezi tunaipeleka kwenye uwanja wa ndege wa zamani, ule wa shamba la mkonge, kushindana mita mia nne. Anayeiendesha ni mdogo wangu wa kike, Nakunda. Siku nyingine zote Nakunda ni dereva wa trekta huko Makanya, na sijaona mtu mwenye mguu mzuri wa klachi kama wake. Nasema hivyo mapema ili ijulikane.

Mbio hizi hazina kona. Magari mawili yanasimama sambamba, taa ya kijani inawaka, anayefika mwisho kwanza ameshinda. Mambo yote huamuliwa mita ishirini za mwanzo. Gari likiondoka, pua inainuka na uzito unahamia nyuma, unayakandamiza matairi ya nyuma, yanapata kung'ata lami. Magurudumu ya mbele yakiachana na ardhi kwa unene wa daftari, hapo fundi umepatia. Yakipanda mpaka usawa wa kifua cha mtu, watazamaji watapiga vigelegele na wewe utashindwa, kwa sababu nguvu iliyokuwa ikupeleke mbele umeitumia kwenda juu.

Chini ya pua ya Shangazi kuna minyororo miwili, kushoto na kulia, inayofunga bodi na ekseli ya mbele. Kazi yake ni kuizuia pua isipande kupita kiasi. Mwezi uliopita niliirefusha kwa mkono wangu mwenyewe, na sikumwambia Nakunda. Mpiga picha wa kalenda ya chama chetu cha mbio alikuwa anakuja kutoka Moshi, nami nilitaka kazi yangu itundikwe kwenye kuta za watu.

Picha ilipatikana. Shangazi alipanda juu hadi watu wakaona tumbo lake, kisha akashuka kwa kishindo. Nakunda alijing'ata mdomo, akakaa siku tatu amefunga kitambaa shingoni. Juzi alikuja gereji, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Kaka, mguu wangu umeharibika," alisema. "Niliuachia haraka, sivyo? Jumamosi hii sidhani kama nitakuja. Wala hizo zinazofuata. Helmeti nitampa mtu akuletee."

Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli pale pale. Nikasema, "Pengine."

Hilo ndilo neno nililopanda nalo kitandani.

Sasa ndoto.

Nimeingia gereji na Shangazi amesimama juu ya bampa ya nyuma, mgongo ameuegemeza ukutani, pua imegusa bati. Magurudumu ya mbele yananing'inia hewani. Nimevaa ovaroli na shati la kanisani.

"Shikamoo Shangazi," nasema.

"Marahaba. Umezaliwa na nani wewe?"

"Na mama Yoeza."

"Mpe pole."

"Tunaomba ushuke, Shangazi. Mbio ni leo."

"Nishuke vipi, na mpangaji wangu yuko huku juu na vyombo vyake?"

Boneti inafunguka. Mama mmoja anachungulia kutoka ndani kwa namna ya mtu aliye ghorofani. Ni mwembamba, amejifunga kitenge cha rangi ya chungwa, hata kilo arobaini sidhani. Nyuma yake naona godoro lililokunjwa, sufuria tatu, cherehani, jiko la mkaa lenye birika juu yake, na kuku.

"Wewe ndiye fundi?" anauliza.

"Ndiyo, mama."

"Mimi ni Bi Uzito. Naishi hapa mbele kwa sheria. Taa ya kijani ikiwaka nahamia nyuma. Breki zikikanyagwa narudi mbele. Nimehama hivyo tangu magari yazaliwe, na kabla ya hapo nilikuwa kwenye mikokoteni."

"Samahani, mama. Mimi nilidhani uzito ni hesabu."

"Hesabu haina godoro," anasema.

Ninaegemeza ngazi kwenye boneti, Bi Uzito anaanza kunipa vyombo kimoja kimoja. Jiko lina moto. Ananipa kuku na kuniagiza nimshike miguu, si mabawa. Kuku anaonekana ameshazoea.

"Mwezi uliopita," anasema akiwa katikati ya ngazi, "hamkunihamisha. Mlinitupa. Sufuria yangu kubwa ilipita dirishani. Godoro lilifika kabla yangu. Mtu mzima anahamishwa hivyo?"

"Hapana, mama."

"Lakini simlaumu yule binti. Yule binti anajua kumhamisha mtu."

Nageuka kuweka jiko chini, na ukuta wa gereji haupo. Tuko kwenye uwanja wa ndege wa mkonge, jua liko utosini, mistari ya mkonge imekwenda mpaka milimani. Sikushangaa hata kidogo. Nilichohofia ni kwamba sijafunga mlango wa gereji, na mlango wenyewe sasa hauonekani.

Shangazi ameshashuka na yuko kwenye mstari wa kuanzia. Mbele yake kuna chokaa.

Hii chokaa ni desturi yetu. Wenzetu wa mjini wana vyombo vya kupimia, sisi tunamwaga chokaa ileile ya kupaka miti, upana wa tairi, mita ishirini za mwanzo. Gari likishapita tunainama na kusoma. Alama ya tairi la mbele ikikatika, hapo liliacha ardhi. Ikirudi, hapo lilitua. Mwenye macho ataona hata kama lilitua kwa adabu au kwa hasira. Mimi na Nakunda tumesoma chokaa pamoja miaka sita, magoti chini, vichwa vimegusana.

"Ingia ndani," ananiambia Bi Uzito, naye anarudi kwenye boneti na vyombo vyake vyote. "Nikuonyeshe kazi ya dada yako. Hii ni ile ya mwezi wa nne."

Naingia upande wa abiria. Kiti cha abiria tulikwisha kukitoa ili gari liwe jepesi, kwa hiyo nakaa juu ya hewa, na ni laini.

Nakunda yuko kwenye usukani na helmeti yake ya bluu. Hanioni. Anaimba polepole wimbo wa kwaya, sauti ya pili, ile ambayo hakuna anayeijali mpaka ikosekane. Mguu wa kulia unapandisha injini hadi ngurumo inakuwa moja, haipandi wala haishuki. Mguu wa kushoto umelala juu ya klachi.

Matairi ya nyuma nayo yako macho. Nayasikia yakiongea chini ya sakafu. Yanaitwa Kulwa na Doto. Nimeyapunguza upepo asubuhi, kwa hiyo yana sauti ya watu walioshiba.

"Mama anakuja?" anauliza Doto.

"Anakuja. Tandaza," anasema Kulwa.

Taa ya kijani inawaka.

Nakunda anauachia mguu wa kushoto. Nimeangalia mara nyingi kutoka nje, lakini sijawahi kuuona ukiachia. Anauondoa kama mtu anayeondoa mkono wake juu ya mtoto aliyelala. Haukawii wala haukurupuki. Wakati huohuo Bi Uzito anatoka kwenye boneti, godoro kichwani, kuku kwapani, birika mkononi. Anapita katikati yetu, ananiambia "Samahani, mwanangu," anavuka kiti, anatoka kwa dirisha la nyuma na kuketi juu ya ekseli. Birika halijamwaga hata tone.

"Karibu, mama," wanasema Kulwa na Doto kwa pamoja.

"Asanteni. Haya, ng'ateni."

Wanang'ata. Mgongo wangu unazama kwenye ile hewa niliyoikalia. Mbele, pua ya Shangazi inapanda, minyororo inakaza na kusema "Basi," pua inatii. Magurudumu ya mbele yameachana na ardhi.

Kutoka kwenye nyasi za pembeni linakuja daftari. Ni daftari la kurasa themanini, limefungwa karatasi ya kaki. Linatembea kwa heshima hadi katikati ya njia, linajilaza, linapita chini ya magurudumu ya mbele ya Shangazi bila jalada lake kuguswa, linatokea upande wa pili.

"Unene ni sahihi," linatangaza, na kurudi kwenye nyasi.

Magurudumu yanatua. Sikusikia yakitua. Nakunda anabadilisha gia huku wimbo wa kwaya uko kwenye ubeti wa pili, na mita mia nne zinapita pembeni yetu kwa haraka mpaka mkonge unakuwa ukuta wa kijani. Nyuma yetu chokaa inajisoma yenyewe kwa sauti ya mwalimu wa darasa la tatu: "Hapa waliniacha. Hapa walirudi. Hawakunisumbua."

Nalia. Sioni haya kulisema. Nimekuwa fundi miaka kumi na tisa, nimefunga injini ambazo zingebomoa nyumba, lakini kile kitendo cha mguu mmoja siwezi kukitengeneza kwa spana yoyote niliyo nayo. Niliona fahari kuwa ndugu yake. Nilitaka nimwambie, ila helmeti haikuwa na upande wa kusikia.

"Umeona?" anauliza Bi Uzito kutoka nyuma. Anakunywa chai.

"Nimeona, mama."

"Sasa tazama ya mwezi uliopita."

Tumerudi kwenye mstari wa kuanzia. Safari hii niko nje, na nimeshika ufito wa mpiga picha ulioning'inizwa nguo nyeupe ya kuakisi jua. Watazamaji wamejaa pande zote mbili, na shingo zao zote zimekakamaa zikitazama juu. Wamefika hivyo kutoka nyumbani. Mama mmoja anamnyonyesha mtoto bila kumtazama.

Karibu na mstari kuna meza, na kwenye meza kuna Bwana Saa. Amevaa suti ya Kaunda. Uso wake ni wa mviringo, una namba kumi na mbili, mishale ameinyoa vizuri.

"Bwana Saa," namwambia, "leo tutawashinda."

"Mimi sishindishi mtu. Napima," anajibu. "Napima kwenda mbele. Kulia, kushoto na juu si idara yangu."

Kando ya Shangazi amesimama mpinzani, gari dogo jeupe la mtu wa Mwanga. Limeinama kwa unyenyekevu, mtu angedhani linasubiri kumwona daktari.

Taa ya kijani inawaka. Nakunda anauachia mguu wa kushoto. Namtazama kupitia mlango, na mguu ni uleule. Haukawii wala haukurupuki. Hapo ndani ya ndoto moyo wangu ulishuka hadi kwenye ovaroli, kwa sababu nilijua kitakachofuata, nami ndiye niliyekipanga.

Pua inapanda. Inapofika kwenye unene wa daftari, daftari linatoka kwenye nyasi, linatazama juu, linageuka na kurudi lilikotoka. Pua inaendelea. Minyororo inafunguka na kufunguka, haisemi "Basi." Bi Uzito anaruka kutoka kwenye boneti, anapita hewani pamoja na sufuria tatu. Kuku, ambaye maisha yake yote hajawahi kuruka, anaruka.

"Polepole, mama!" wanapiga kelele Kulwa na Doto. "Tutabeba wote kwa mpigo?"

Shangazi amesimama wima. Watazamaji wanapiga vigelegele. Nami, Mungu anisamehe, naona ni nzuri. Tumbo lote la Shangazi liko hadharani, nililipaka rangi mwenyewe, jua linawaka juu ya ekseli. Mpiga picha anabonyeza mara arobaini.

Kipaza sauti kwenye mnara wa uwanja kinawaka. Nilikuwa nimesahau kwamba uwanja huu una mnara.

"Chombo cha krimu, chombo cha krimu," inasema sauti ya dada mmoja mwenye adabu ya kazi. "Umeinua pua kwenye njia ya kurukia. Taja namba ya safari na idadi ya abiria."

"Si ndege, dada!" napaza sauti. "Ni pikapu!"

"Pikapu huwa na pua chini. Unaelekea wapi?"

"Mita mia nne."

"Mita mia nne kwenda juu, umekubaliwa. Njia iko wazi. Abiria wafunge mikanda."

Na kweli Shangazi anaanza kupanda angani, taratibu, kwa bidii kubwa, injini ikitumia kila nguvu niliyompa. Gari jeupe la mtu wa Mwanga linaondoka. Linafika mwisho. Dereva wake anashuka, anapewa mkono na watu, anaosha gari, anakula wali, anarudi nyumbani, anampeleka mwanawe wa kwanza sekondari. Shangazi bado anapanda. Bwana Saa amefunika kalamu.

"Na wetu je?" namuuliza.

"Hajaondoka," anasema. "Kwa kumbukumbu zangu bado yuko mstarini."

Kisha Shangazi anatua. Sitaelezea kutua kwenyewe. Chokaa ilianza kusoma, "Hapa waliniacha," ikatulia muda mrefu, ikaomba maji.

Mlango unafunguliwa. Nakunda anashuka na kitambaa shingoni, mdomo una damu kidogo. Hanijii mimi. Anakwenda mpaka kwenye meza ya Bwana Saa, anakaa kwenye kiti cha wageni, anaushika mguu wake wa kushoto juu ya kifundo na kuufungua. Mizunguko mitatu, bila damu, bila maumivu. Anauweka mezani ukiwa na kiatu chake.

"Nimekuja kurudisha," anasema.

"Sababu?" anauliza Bwana Saa.

"Uliachia haraka."

"Una shahidi?"

"Kaka yangu. Nilimuuliza, akasema pengine."

Bwana Saa anaandika neno hilo kwenye karatasi, anapiga muhuri. "Pengine inatosha," anasema, na anafungua kabati la chuma lililo nyuma yake.

Ndani ya kabati kuna miguu. Imepangwa kwenye rafu, kila mmoja na kiatu chake na karatasi yake yenye neno lilelile. Naiona miguu ya madereva wa malori, miguu ya waendesha cherehani, mguu wa mcheza mpira mwenye daluga, mguu mmoja mdogo sana wa mtu aliyekuwa anajifunza baiskeli. Yote mizima kabisa. Mmoja unatingisha vidole kwa kufuata mdundo ambao hakuna mwingine anayeusikia.

"Hii ilikuwa na kosa gani?" nauliza.

"Hakuna hata mmoja wenye kosa," anasema Bwana Saa. "Watu wenye makosa huwa hawaileti miguu yao wenyewe." Anatoa ufunguo mfukoni. "Kuna anayeutetea huu kabla sijafunga?"

Shangazi anatazama milima. Kulwa na Doto wanaichunguza lami. Bi Uzito anaokota sufuria zake kwenye mkonge na hasemi neno, ingawa yeye anajua kila kitu kinachohama. Natazama chini ya pua ya Shangazi, kwenye minyororo.

Minyororo inajikunja. Inazichukua zile pingili nilizoziongeza, polepole ili zisilie, na kuzificha nyuma ya bampa, Bwana Saa asizione. Ilikuwa inanisitiri mimi. Chuma, ambacho nilikinunua kwa urefu na kukikata kwa msumeno, kilikuwa kinamstahi fundi wake kuliko fundi alivyomstahi dada yake.

Hilo ndilo lililonishinda.

Ufunguo umeshaingia kwenye tundu. Nakunda ameinuka kwa mguu mmoja, ameshika ukingo wa meza, anatafuta kwa macho njia ya kuondokea.

"Nakunda," nasema. "Mguu wako ni mzima. Haukuwahi kukosea. Ni mimi niliyeirefusha minyororo, pingili nne, usiku wa Ijumaa ile, nikakuficha. Nilitaka picha. Na uliponiuliza nilikuwa najua, nikasema lile neno."

Bwana Saa anachukua ile karatasi yenye muhuri, anaipuliza, inakuwa nyeupe. Mguu mezani unajigeuza kuelekea kwa mwenyewe. Watazamaji, mmoja mmoja, wanashusha shingo, wanashangaa kuona kwamba mbele yao kulikuwa na barabara.

Nakunda anavua helmeti. Ananitazama kwa muda ambao Bwana Saa anaupima na kuuandika. Sijawahi kumwogopa mtu kama nilivyomwogopa mdogo wangu wakati ule. Anafungua mdomo anijibu.

Nikaamka.

Jua lilikuwa limeshaingia chumbani. Mke wangu, Naetwe, alikuwa anakunja nguo zilizokauka, na aliponiona nimekaa kitandani na jasho akanipa taulo moja.

"Nimeongea usingizini?" nilimuuliza.

"Hata neno. Umekoroma tu, kuanzia saa nne mpaka sasa."

"Kuna mtu amepiga simu?"

"Nani akupigie? Simu yako imezimika tangu jana mchana, na chaja umeiacha gereji."

Nilikaa pale nikiwaza. Ukweli nilikuwa nimeshausema, lakini niliusema mahali ambapo haukumsaidia yeyote. Ilinibidi niuseme tena nikiwa macho, na kuusema ukiwa macho ni kazi nzito zaidi. Makanya ni mbali. Niliamua nitapanda pikipiki, nimkute kabla hajampa mtu helmeti, nipige magoti ikibidi. Nikanawa uso, nikavaa ovaroli, nikatoka nje huku napanga maneno ya kuanzia.

Nakunda alikuwa uani.

Alikuwa amechuchumaa mbele ya Shangazi, ameinamisha kichwa na kuchungulia chini ya pua. Vumbi la safari lilikuwa kwenye viatu vyake. Helmeti ya bluu aliiweka juu ya boneti. Hakugeuka niliposimama nyuma yake, na mimi yale maneno niliyoyapanga yakanipotea yote.

"Shikamoo, kaka," alisema.

"Marahaba. Umefika saa ngapi?"

"Sasa hivi." Alipitisha kidole kwenye mnyororo wa kushoto, akahamia wa kulia, akarudi wa kushoto. Kisha akauliza, kwa sauti yake ya kawaida ya kazini:

"Zile pingili nne, ni nne kila upande, au mbili mbili?"

Nilichuchumaa kando yake.

"Nne kila upande," nikasema.

Alitikisa kichwa taratibu. Alipoinuka macho yake yalikuwa mekundu, lakini alininyooshea msumeno.

"Tutagombana jioni," alisema. "Tena tutagombana sana. Sasa hivi lala chini uzikate, nikushikie tochi."